Nyuzi Mia na Themanini

Darasani Maseno, Mwalimu Wafubwa
alichora pembetatu kwa chaki ya buluu.
"Jumlisheni pembe zake. Nyuzi mia na themanini.
Hazizidi, hazipungui."
Nikacheka peke yangu kwenye dawati la nyuma.
Nyuzi nilizozijua mimi ni za shangazi Kageha,
mabunda ya pamba ndani ya kapu la plastiki,
na hizo zilipungua kila siku.

Alifuma vitambaa vya makochi, soko la Luanda,
vipande kumi na viwili kwa kila bibi harusi,
duara lililolala chali kama chapati.
Siri ni hesabu, alisema. Kila mzunguko
unaongeza matundu sita. Sita tu.
Ukiongeza machache, kinajifinya kuwa kofia.
Ukiongeza mengi

mengi aliyaongeza juma lile walipomzika Andeyo wake.
Kulabu ilitembea bila yeye.
Kila tundu likazaa mawili, na hayo yakazaa,
hata mzunguko wa mwisho ukala uzi
kuliko yote iliyoutangulia ikijumlishwa.
Kitambaa kikaikataa meza.
Ukikibana hapa, kinafura pale,
ukingo umejaa mawimbi kama sukuma
ile ya majani ya kujikunja.
"Kimeharibika," akasema, akakisukumia chini ya kochi,
na hakusema kingine mpaka Jumapili.

Nilikiokota mimi.
Nikapitisha uzi mwekundu, nikiuvuta unyooke,
ncha hadi ncha hadi ncha,
pembe zikatoka nyembamba kama midomo ya chiriku.
Nikapima: nyuzi tisini na nne.
Nikaiendea nyungu ya maji, na tumboni mwake
nikachora kwa mkaa: mia mbili na saba.
Mwalimu hakudanganya.
Alisema kweli ya ubao.

Nawe ukitaka, simama Maseno penye bango la ikweta,
mwenzako asimame Nanyuki, juu ya mstari uleule.
Geukeni kaskazini. Nendeni moja kwa moja, msipinde.
Mtaanza sambamba kama reli
na mtagongana vichwa kwenye barafu.

Kisumu, ghorofa ya tatu, juu ya duka la magodoro,
Olwenyo alikipiga kitambaa picha mia nne,
akakilisha kompyuta, akakikuza
kikawa kikubwa kama kanisa.
Nikavaa miwani ile nzito, nikaingia.
Kuta zilipanda, zikajikunja, zikazaa kuta.
Mistari miwili iliyoanza bega kwa bega
ikaachana mbele ya macho yangu, bila ugomvi,
kila mmoja umenyooka, na hakuna uliorudi.

Mwezi uliofuata nikamleta shangazi.
Tukamvalisha miwani juu ya kilemba.
Akanyoosha mkono, vidole vikapapasa hewa
vikitafuta cha kushika.
Kisha akaanza kuhesabu, kwa Kimaragoli, kwa sauti,
akigeuka polepole katikati ya chumba,
nasi tukimwondolea viti njiani.
Akasimama.
"Hapa, mzunguko wa tano. Mmeruka tundu."
Olwenyo akabisha. Akaifungua hesabu yake.
Tundu lilikuwa limerukwa.

Shangazi hakumcheka. Alibaki mle ndani,
shingo ameiinua, mdomo wazi kidogo.
"Hiki ni cha juma lile," akasema.
"Sikujua kwamba kina ndani."

Alipoivua, miwani ilikuwa imemwachia mfuo
kuzunguka macho, mwekundu,
uliopinda kufuata mifupa ya uso.

Sasa anafuma kingine, safari hii kwa kusudi,
uzi wa zambarau, na maharusi wanasubiri.
Kimeshajaza mapaja, kimeanza kumwagika
kwenye mkono wa kochi.
Nauliza kitafika wapi.
Anavuta uzi kutoka kapuni, hanitazami.
"Kiulize chenyewe," anasema. "Bado kinadai."